Saa za Tania Zifike Desemba

Kigoma, 14 Januari 2001

Mama yangu Anastasie,

Kaa kwanza ndipo usome. Umeshakaa? Haya. Mwanangu Tania amepata.

Ile jumuiya ya kanisa niliyokueleza, inayosaidia watoto wenye ulemavu, imekubali kumlipia Tania mganga wa viungo kwa mwaka mzima. Yule ambaye huko kwetu mnamwita kine, wa kunyoosha miguu na kuufundisha mwili. Fedha hawatoi mkononi. Wamelipa ofisi ya kanisa pale Baraka, na wewe utapewa kibunda cha boni, karatasi ndogo za bluu zenye muhuri. Boni moja ni saa moja. Kine akimaliza saa yake unampa boni, anaipeleka Baraka, analipwa. Zinatosha saa moja kwa wiki mpaka Desemba. Baada ya hapo hakuna tena, maana mwakani msaada unakwenda kwa mtoto mwingine. Ndiyo sheria yao, na mwaka huu sheria hiyo ndiyo iliyoleta zamu kwetu.

Kwa hiyo Mama, zishike vizuri. Nakujua. Ukiona mtoto anaendelea utataka kine aje kila siku, na ikifika Mei tutakuwa mikono mitupu. Mama wa ofisi hapa aliniambia neno moja nikaliweka kichwani: saa ya kine peke yake haifanyi kitu. Yeye anakuja kuonyesha. Kazi yenyewe inafanywa na mtu wa nyumbani, kila siku, kwa mikono yake. Miguu ya Tania ikikaa wiki nzima bila kuguswa inakaza upya, na saa inayofuata inaanzia pale pale. Basi kaa karibu naye, uone, ushike, urudie.

Uliniandikia kwamba mkurugenzi wa shule ya Lweba alikuambia, "Mutoto akijua kuikala peke yake ku benchi, mumulete." Hilo tu ndilo ninaloomba kwa mwaka huu. Sisemi atembee. Akae kwenye benchi bila kushikwa, aingie darasani na wenzake.

Na kuna furaha nyingine. Walinipa majina mawili ya kine: mmoja mgeni wa Uvira, mwingine ni Placide, mume wa Immaculée wetu. Nikachagua Placide bila kufikiri mara mbili. Mgeni anaweza kufanya nusu saa akachukua boni nzima. Mkwe wetu, aliyemuoa mtoto wa mdogo wako uliyemlea mwenyewe nyumbani kwako, hawezi kutuibia.

Mume wangu Élie anakusalimu, amepata kazi ya kuchana mbao. Tangu siku ile tulipopanda boti tukidhani wewe na Tania mko katika ile ya nyuma, sijawahi kulala kama nilivyolala jana. Mbusu miguu yote miwili.

Mwanao,
Solange


Lweba, 11 Februari 2001

Solange mwanangu,

Nilikaa, nikasoma, nikasimama, nikaimba, na majirani wakaja kuuliza nani ameposwa.

Boni ziko ndani ya kopo la maziwa, kopo liko ndani ya sanduku, na juu ya sanduku nalala mimi. Anayezitaka aniamshe kwanza. Placide ameshaanza kazi. Anakuja na baiskeli kutoka Baraka, amevaa shati jeupe, na watu wanasema ana mikono mizuri. Siku ya kwanza Tania alilia kidogo, siku ya pili akalia zaidi kidogo, lakini mtoto kulia si habari ya kuvusha ziwa. Anakula vizuri. Amejifunza kuniiga ninavyokohoa ibadani, na mchungaji ameshagundua.

Kuhusu kukaa karibu na kushika, nimekusikia. Bahati mbaya kila Placide anapokuja mimi nabanwa na kazi, na wewe unajua mihogo ikishalowekwa haimngoji mtu. Usiwe na wasiwasi, nyumba haibaki tupu, watoto wa jirani wapo. Boni naiacha juu ya kinu, anaichukua mwenyewe, moja, haongezi. Ni kijana mwaminifu kweli.

Hapa kumetulia. Wenye bunduki wanapita barabarani, wanauliza kuku, tunasema hakuna kuku, wanapita. Samaki wa ndagala ni wengi mwezi huu na bei yao ni ya kuchekesha. Umekaa Kigoma miaka miwili sasa, na kuna mambo ya kwetu umeanza kuyasahau, lakini si ya kuandika kwenye barua.

Lala kama ulivyolala.

Mama yako,
Anastasie


Baraka, 4 Machi 2001

Shemeji Solange,

Pokea salamu za heshima kutoka kwangu na kwa Immaculée. Barua hii naiandika mara ya tatu, mbili za kwanza nilizichana. Sipendi kumchongea mama mkwe wangu. Lakini boni zinakwisha, na anayezichukua ni mimi.

Shemeji, Mama ananikimbia. Anakimbia kwa miguu. Nikipiga kengele ya baiskeli kwenye kona ya kanisa nasikia mlango wa nyuma unafunguka. Wiki iliyopita sikupiga kengele, nikidhani nitamkuta ndani. Nilimkuta kweli, akatoka dirishani. Mama wa umri ule! Niligeukia ukuta kwa aibu nikangoja Tania amalize kucheka.

Najua anafanya yaliyo sawa, na mwenye kosa ni mimi. Unakumbuka mahari yetu ilibaki mbuzi wa mama, yule wa mwisho, ambaye akishatolewa ndipo mama mkwe anakubali kumtazama mkwe usoni. Nilimnunua, jike jeusi lenye afya. Siku mbili kabla ya kumpeleka Lweba, wanajeshi walipita Baraka wakaondoka naye. Tangu hapo mbuzi hawaonekani, na anayeonekana bei yake si ya mtu kama mimi. Kwa hiyo kwa Mama mimi bado sina uso.

Lakini tazama inavyokuwa. Tania hana mtu mzima wa kwake chumbani, ananiogopa, na nusu ya saa inakwisha kwa kumbembeleza. Nikiondoka, hakuna aliyeona nilichofanya. Nikirudi, miguu imekaza na kupishana kama mwanzo. Ulinichagua mimi ili saa zisiibiwe. Sijaiba hata dakika, na zinapotea vilevile. Yule kine wa Uvira huwezi kumpata tena, amerudi kwao kwa sababu ya barabara.

Nishauri, shemeji. Kila ninapopeleka boni ofisini najisikia mwizi.

Wako mtiifu,
Placide


Kigoma, 25 Machi 2001

Mama,

Dirishani!

Nimecheka, halafu nimekasirika, halafu nimelia, na sasa naandika nikiwa na vyote vitatu. Mihogo gani hiyo inayolowekwa kila siku Placide anapokuja? Umenificha, na mimi nikalala usingizi wa bure.

Kosa la kwanza ni langu. Nilisema "mkwe wetu" kama vile nasema "jirani yetu." Hapa kambini na mjini watu wamechanganyika, mama anakaa na mkwe wake ndani ya hema moja kwa sababu hema ni hilo moja, na mimi nikasahau. Lakini Mama, hii ni vita. Mbuzi ameliwa na watu wasiojua hata alikuwa mbuzi wa nani. Utamngoja mpaka lini? Boni hazingoji. Desemba itafika, Tania atakuwa amelala kwenye mkeka ule ule, na hakuna atakayetupa mwaka mwingine.

Wewe ni mtu wa Biblia. Bwana Yesu aliingia nyumbani kwa Petro, akamponya mama mkwe wa Petro, mama yule akainuka akawapikia wote, Petro akiwa mmoja wao. Hakutoka dirishani.

Nakuomba, Mama. Kaa ndani.

Solange


Lweba, 19 Aprili 2001

Solange,

Umeniletea Biblia, nakujibu kwa Biblia. Ni kweli Bwana alimshika mkono yule mama, homa ikamwacha. Soma tena. Aliyemshika mkono ni Yesu, ambaye hakuwa mkwe wake. Petro wakati huo hatuambiwi alikuwa wapi, na mimi nasema alikuwa nje, kama mtu mwenye adabu.

Nilikuficha, ndiyo. Nilitaka ufurahi japo mwezi mmoja.

Lakini usiniambie ni vita, kana kwamba mimi vita nimeisikia redioni. Nyumba ya baba yako ilichomwa. Cherehani yangu waliibeba kichwani mbele ya macho yangu. Ndugu zetu waliouawa Makobola hatukupata hata kuwalilia inavyotakiwa. Kila kinachobebeka kimebebwa. Imebaki namna yetu ya kukaa na watu: nani anakaa wapi, nani anamtazama nani, mkwe anapita njia gani. Hiyo hawakuweza kuichukua. Nikiitupa mwenyewe nitabaki na nini? Nimelia nikisoma barua yako, nakuambia wazi kwa kuwa umesema nisifiche.

Sasa sikia nilichofanya. Nimetundika mkeka katikati ya chumba, kutoka kwenye boriti mpaka chini. Placide anakaa upande wa mlango na Tania. Mimi nakaa upande wa mafiga, na nimejishonea mtoto wa gunia, nimemjaza maganda ya mahindi, ana miguu mirefu miwili. Placide anachomfanyia Tania, mimi namfanyia gunia. Hatusemezani, la hasha. Yeye anasema na mtoto: "Tania, sasa nafungua magoti yako polepole. Mukono moja iko juu ya goti, ingine iko chini ya kisigino. Nasema tu, kama kuko muntu anataka kujua." Na mimi nasema na gunia: "We gunia, ile ya kisigino hatukuisikia." Anarudia, akimwambia Tania. Tania anacheka mpaka miguu inalegea yenyewe, na Placide anasema kulegea huko ndiko alikokuwa akikutafuta tangu Januari.

Tania halii tena, maana ananisikia. Kila asubuhi namfanyia nilichomfanyia gunia. Na boni nimezipunguzia mwendo: moja kwa wiki mbili, siku za katikati ni zangu. Zile tulizopoteza zitarudi hivyo.

Usiwaambie watu wa jumuiya habari za gunia. Watamtaka naye ajiandikishe.

Mama yako


Baraka, 3 Juni 2001

Shemeji Solange,

Gunia lile lina akili kuliko wanafunzi wengi niliosoma nao, na kwa wiki kadhaa nilipanda baiskeli nikiimba. Magoti ya Tania yanafunguka. Mgongo unajishika. Ukimweka kwenye benchi anakaa kidogo kabla ya kuanguka, na akianguka analilaumu benchi.

Lakini lazima nikueleze jambo. Wiki iliyopita nilimkuta nyonga imevimba, hataki iguswe. Mama alikuwa amevuta mguu. Alinisikia nikisema "vuta," lakini hakuona kwamba mkono wangu wa pili unaizuia nyonga isifuate. Hakuna kilichovunjika, itapona. Ila mambo mengine hayafundishiki kwa masikio, na nilipaswa kulijua hilo mapema.

Kilichoniumiza ni Mama. Siku ile hakusema na gunia. Alisema moja kwa moja, nyuma ya mkeka, "Mi nimeumiza mutoto." Kumjibu sikuruhusiwa, basi nikamwambia Tania habari za bibi yake, kwa sauti kubwa: "Koko yako hakukuumiza. Ni mi sikueleza muzuri." Nikasikia Mama anapenga kamasi.

Sasa anaogopa kumgusa. Anamlisha, anambeba, lakini miguu haigusi, na miguu inaanza kukaza. Nimesimamisha boni mpaka uvimbe uishe. Mpango wangu ni huu: nimfundishe Immaculée kwa mikono yake hapa Baraka, yeye akamfundishe Mama kwa mikono yake. Kati ya Mama na mtoto aliyemlea hakuna mkeka. Lakini Immaculée ni mzito, anakaribia kujifungua, safari ya baiskeli hawezi. Akishapata mtoto tutaanza.

Boni zilizobaki zinatosha, usihesabu kwa hofu. Ninachohofia ni barabara. Watu wa Fizi wameanza kuteremka wakikimbia na magodoro.

Placide


Kigoma, 9 Septemba 2001

Mama,

Hii ni ya tatu bila jibu. Mwenye boti anasema Lweba alikuta nyumba zimefungwa na shule haina mtu. Nimewauliza wote wanaoshuka botini kutoka Kazimia. Mmoja alisema alimwona mwanamke mzee milimani, anatembea mbele kabisa ya watu wake kama anayewakimbia, na nyuma yake kijana anasukuma baiskeli, juu yake mtoto.

Nikamkumbatia yule mtu katikati ya soko. Sikumjua hata jina. Mama, kama ni wewe, simama kidogo wakufikie.

Nakuandikia bila kujua nani atakuletea. Sitaki habari za boni. Niambie tu mko.

Solange


Lweba, 14 Oktoba 2001

Solange wangu,

Tuko. Tumerudi juzi. Paa lipo, mlango hakuna, sanduku walilichukua, kopo la boni nilikuwa nalo mimi.

Aliyeniona milimani aliona sawa. Siku ile Placide alikuja mbio kutoka Baraka, Immaculée amemtanguliza na watu wengine. Alimfunga Tania juu ya baiskeli kwa kikwembe, kitenge alichokuja nacho. Mimi nikatangulia mbele ili asinione uso, nami nisimwone, nikatembea hivyo siku nzima. Sikugeuka hata mara moja, na shingo iliniuma kwa wiki.

Kule juu tulipata kibanda kimoja. Kimoja, Solange, na ni baridi ya milimani. Immaculée akajifungua humo, mtoto wa kiume, nikampokea mimi, Placide akiwa nje na Tania mgongoni. Baada ya hapo tukakaa sote ndani: mimi kona yangu, nimejifunika kikwembe kichwani kama mzigo, na Placide anatazama ukuta. Nilikula hivyo. Niliomba Mungu hivyo. Nilijisifu moyoni kwamba hata vita haijanishinda.

Lakini baridi iliingia kwenye miguu ya Tania. Ilikaza ikapishana, hakuna aliyeweza kumvisha wala kumfunua. Immaculée alikuwa amelala na mtoto, hana nguvu za kuwa mkono wa kati. Asubuhi moja nikasema nitafanya mwenyewe. Nikamlaza, nikashika goti kikwembe kikiwa usoni, Placide akiuambia ukuta la kufanya. Nikaliachia, nikalishika, nikaliachia tena. Niliikumbuka ile nyonga. Nilijua kuvuta, sikujua kuzuia. Tania akaniambia, "Koko, usiogope." Mtoto wa miaka sita ananiambia mimi nisiogope, na miguu ni yake.

Nikakitoa kikwembe. Nikasema: "Placide, geuka. Kuja huku, weka mukono yako juu ya yangu, nione penye inazuia."

Jina lake hakuwahi kulisikia kinywani mwangu. Aligeuka, mwanangu, amefumba macho. Nikamwambia, "Fungua macho, we mutoto. Utaona miguu namna gani?" Akafungua. Akaja, akaweka mkono wake juu ya wangu, na nikaona. Ni jambo dogo sana, Solange. Kidole gumba kinakaa kwenye mfupa hapa, basi. Miezi yote ile, kidole gumba.

Nilidhani nitakufa kwa aibu. Sikufa. Nilisikia huzuni, kama mtu anayeweka chini kitu alichokibeba vizuri njia yote, na pia nilisikia raha, sitakudanganya. Ana kovu dogo juu ya jicho. Ni mkwe wangu mwaka wa tatu na sikujua ana kovu. Yeye alilia, halafu akasema, "Asante, mama," na Immaculée akatuambia tunyamaze, mtoto amelala.

Mbuzi bado namdai. Usije ukamwandikia kwamba nimesamehe.

Basi kuanzia hapo nilifanya kila siku, asubuhi na jioni, macho yangu yakiona. Kila Placide aliponionyesha jambo jipya nilimpa boni, na kila mara akakataa: "Mama, huku hatukukuja na saa. Tulikimbia tu." Kwa hiyo kopo limerudi kama lilivyopanda.

Tania anakaa juu ya gogo bila kushikwa, na wakati huo mimi namenya mihogo ya chakula cha wote.

Mama yako


Kigoma, 4 Novemba 2001

Mama,

Niliisoma kwa Élie, kisha kwa majirani, kisha tena peke yangu pale kwenye kidole gumba. Mko. Namshukuru Mungu, na wewe nakushukuru zaidi ya ninavyoweza kuandika. Kuhusu kikwembe sitakutania, ingawa nimetunga maneno matano mazuri.

Lakini sasa nina hofu mpya, utacheka. Nilienda ofisini kuwaeleza. Wamefurahi, ila wamesema boni ambayo haijatumika ikifika mwisho wa Desemba inakufa. Haiingii mwakani. Mwaka mzima nimeogopa zitakwisha mapema, na leo naogopa zitabaki! Zitumie, Mama. Placide aje kila siku, akae hata saa mbili, na safari hii azichukue. Naye ana mtoto wa kulisha. Usiweke hata moja kwenye kopo.

Na shule? Sithubutu kuuliza, lakini nimeshauliza.

Solange


Lweba, 2 Desemba 2001

Solange mwanangu,

Shule ilifunguliwa kwa kuchelewa, baada ya mwalimu kurudi kutoka Kazimia. Jumatatu ya kwanza nikambeba Tania mgongoni nikampeleka. Mkurugenzi alitoka na karatasi zake, akamtazama, akasema, "Tuone." Nikamweka kwenye benchi la mbele, kati ya watoto wawili, nikarudi nyuma mpaka mlangoni. Mikono yangu nilikuwa nimeikunja nyuma isije ikamkimbilia. Akayumba kidogo. Akashika ukingo wa dawati. Akanyooka. Mkurugenzi akamwuliza jina, akajibu, halafu Tania akamwuliza yeye, "Na we, jina yako nani?" Darasa lote likacheka, na yeye akacheka, na hakuanguka. Nilienda nyuma ya shule nikalia mpaka kengele ya mapumziko, mtu mzima na kikwembe changu cha ibada.

Anakaa mpaka mapumziko. Baada ya hapo anachoka, nakwenda kumchukua. Placide anasema mwakani atakaa mpaka mwisho, kama mikono haitaacha kufanya kazi.

Boni nimezitumia ulivyosema, naye amezichukua, nilimtisha kwamba nitajifunika uso tena. Sasa tunafanya kazi sako kwa bako, na gunia nimempa mtoto wa Immaculée alalie. Kila saa nilimtaka anifundishe jambo la miezi ijayo, mwili ukirefuka, miguu ikiwa mizito. Nimejifunza yote ninayoweza kujifunza.

Moja sikuitumia. Najua ulisema nisiweke hata moja. Sikia kwanza.

Wiki iliyopita nilikuwa namfungua magoti kabla ya shule. Akaniuliza, bila huzuni, kama anavyouliza habari za chakula: "Koko, mama anajua miguu yangu?" Ulimwacha ana miaka minne, Solange, nawe ulikuwa unaijua kama mama anavyojua. Hii ya sasa ni mingine. Nimefundisha wanawake wa kanisa kusoma, nimejibu maswali ya wachungaji, na hilo nililiacha kwako. Nikamwambia nitakuuliza.

Mikono yangu inazeeka na miguu yake inakua. Boti za Kazimia zimeanza tena, njia ni shwari, nimeuliza watu watatu wasiojuana. Boni iliyobaki ni yako, Tania hana haja nayo. Placide ameshakubali siku yoyote utakayofika: utakaa mkekani, Tania mbele yako, naye ataweka mkono wake juu ya wako.

Inakufa mwisho wa mwezi huu. Njoo uitumie.

Mama yako,
Anastasie